Tambarare ya Ziwa Albert: Kwa Nini Kwenda Chini Ni Sawa na Kwenda Pembeni

Ukishuka kwa barabara ya lami kutoka Hoima, magharibi mwa Uganda, kuelekea vijiji vya Kaiso na Tonya, kuna mahali ardhi inakatika ghafla. Nyuma yako ni nyanda za Bunyoro na mashamba yake ya mihogo na mahindi. Mbele, mamia ya mita chini, ni tambarare ya nyasi kavu na vichaka vya miiba, kisha maji ya Ziwa Albert, kisha milima ya Kongo siku ambayo hakuna ukungu. Pale greda lilipochonga mlima kupitisha barabara unauona mwamba wenyewe: mgumu, wa kijivu, wenye mistari iliyopinda, na umri wake unazidi miaka bilioni mbili. Ukifika chini huuoni tena. Karibu kila unachokikanyaga kuanzia hapo hadi ziwani kimeletwa na maji kutoka mahali pengine.

Watu wengi wakisikia "tambarare ya pwani" wanafikiria Tanga, Bagamoyo au Malindi. Uganda, nchi isiyo na bahari, haiwajii akilini. Lakini katika jiolojia chumvi ya maji si hoja kubwa. Panapokuwa na maji mapana yenye mawimbi, nchi ya chini pembeni yake na mito inayoshusha mzigo, mashapo, yaani mawe, mchanga na tope vilivyoletwa na maji vikatua, hujipanga kwa kanuni zilezile. Tofauti zipo: ziwa halina kupwa na kujaa kwa kuonekana, na tope laini huzama upesi zaidi kwenye maji ya chumvi kuliko kwenye maji ya ziwa. Zaidi ya hapo, anayeijua pwani ya Kaiso hatapotea sana akipelekwa Kilwa.

Fundo lenyewe ni hili. Chimba kisima kwenye tambarare kama ile, nawe unaweza kupita mchanga mweupe, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha changarawe, kisha safu ya magamba ya konokono, kisha mchanga tena. Hamia hatua mia mbili pembeni, uchimbe tena: udongo mtupu, maji hakuna. Fundi anasema ni bahati. Mwenye shamba anasema fundi hajui kazi. Ukweli ni kwamba mpangilio upo, ila hauonekani kwa mtu anayetazama shimo peke yake. Vitu unavyovikuta ukienda chini ni vilevile unavyovikuta ukienda pembeni, kutoka kwenye ukuta wa bonde, pale ardhi inapokatika, hadi katikati ya ziwa. Mengine yote kuhusu mashapo haya, pamoja na mafuta yaliyoifanya Hoima iimbwe kila siku redioni, yanaeleweka ukishaikubali sentensi hiyo.

Kwanza, shimo la kujazwa lilitoka wapi? Ziwa Albert limekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ganda la dunia hapa linavutwa pande mbili, na kipande cha katikati kinazama kati ya mipasuko miwili mikubwa: mmoja upande wa Bunyoro, mwingine upande wa Kongo. Kazi hii imekuwa ikiendelea kwa zaidi ya miaka milioni 10, kidogokidogo, kwa mitetemeko ambayo watu wa Fort Portal, Bundibugyo na Ntoroko hawahitaji kusimuliwa. Kadiri sakafu ilivyozama, mito ilileta mzigo na kuijaza. Ndiyo maana ziwa lenye urefu wa kilomita 160 hivi halina kina cha kutisha: pale penye kina zaidi ni karibu mita 58 tu. Chini ya sakafu hiyo, mashapo yanashuka kilomita tano hivi kabla ya kugonga mwamba mgumu. Ukitaka kujua ukubwa wa bonde hili, maji ni sehemu ndogo sana ya habari. Bonde lenyewe limejaa karibu hadi ukingoni. Tunachokiita ziwa ni nafasi iliyobaki.

Sasa namna mzigo unavyopangwa. Chukua chupa ya maji yenye mdomo mpana, tia ndani kiganja cha udongo wa bustani, tikisa, kisha iweke mezani. Mchanga unatua kabla hujaondoa mkono. Vumbi la kati linachukua dakika kadhaa. Maji yenyewe yatabaki na rangi ya chai ya maziwa hadi kesho na keshokutwa. Punje ya mchanga ya milimita moja hushuka kama sentimita 10 kwa sekunde. Punje ya mfinyanzi, yenye upana wa sehemu mbili tu za elfu moja ya milimita, huhitaji siku tatu hivi kushuka mita moja, na hapo maji yawe yametulia kabisa. Katika ziwa lenye kina cha mita 25 na upepo wa kila alasiri, punje hiyo inaweza kuzunguka kwa miezi kabla ya kulala chini.

Kwa hiyo ukubwa wa punje ni rekodi ya nguvu ya maji. Jiwe la ukubwa wa ngumi linasema: hapa maji yalipita kwa kishindo. Mchanga safi unasema: maji yalikuwa na nguvu ya kutosha kuondoa tope, lakini si ya kutosha kuondoa mchanga. Mfinyanzi unasema: hapa palitulia. Kuna ukaidi mmoja katika kanuni hii ambao vitabu vya shule huuruka. Tope likishatua na kugandamana, ni vigumu kulinyanyua tena. Punje zake zimeng'ang'aniana. Mkondo unaohamisha mchanga kwa urahisi unaweza kupita juu ya mfinyanzi mgumu usiutie hata mkwaruzo. Kitu chepesi kuhama kuliko vyote pwani ni mchanga wa kadiri, ule ambao kila mtu anapenda kujengea nyumba juu yake kwa sababu hautuamishi maji.

Tembea basi kutoka ukutani hadi ziwani, ukitazama chini. Kwenye mdomo wa korongo, pale mto unapotoka kati ya miamba na ghafla kukuta nchi bapa, maji yanapoteza nguvu na kuacha kilicho kizito zaidi. Mawe yamelala ovyo, makubwa na madogo pamoja, pembe zake bado kali, na katikati yake mchanga mwekundu uliokwama. Hakuna aliyeyachambua, yalitupwa katika gharika moja, pengine usiku mmoja, na gharika ya baadaye ikatafuta njia nyingine na kutupa mengine upande wa pili. Mito ya Bunyoro, kama Wambabya na Waki, huporomoka ukutani namna hii. Ukisogea mbele, mto umeshatulia kidogo na unapinda. Upande wa ndani wa pindo ni mchanga, na ukikata kingo kwa jembe unaona mistari iliyolala mshazari, kila mmoja ukiinamia kule maji yalikoelekea. Nje ya mto, mahali mafuriko yanapotandaa na kukauka, ni udongo laini uliopasuka vipandevipande.

Mbele zaidi ni vinamasi vya mafunjo na matete. Hapa udongo ni mweusi, una harufu ya uozo, na ndani yake kuna mizizi iliyokufa ambayo haikuoza yote kwa sababu hewa haifiki. Kisha, mara nyingi bila kutarajia, nchi inainuka kidogo: tuta refu la mchanga msafi sambamba na ufuko. Ni kazi ya mawimbi. Wimbi husukuma mchanga juu kwa nguvu na kurudi kwa unyonge, na kila linaporudi linapepeta, tope linachukuliwa, mchanga unabaki. Mialo mingi ya wavuvi imekaa juu ya matuta ya aina hii, kwa sababu ndipo pakavu. Ndani ya maji, hatua mia kadhaa kutoka ufukoni, mchanga unakwisha na tope linaanza, na kutoka hapo hadi upande wa Kongo ni tope kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo kuna mikanda: mawe, mchanga wa mto, kinamasi, mchanga wa ufuko, tope la ziwa. Yote ipo leo, kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani.

Johannes Walther, mjiolojia Mjerumani, aliandika mwaka 1894 kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Mazingira yanayopandana katika mashapo, moja juu ya jingine bila pengo, ni yale yaliyokuwa majirani juu ya ardhi. Inasikika ndogo. Lakini fikiria ziwa likipanda taratibu kwa miaka elfu kadhaa. Ufuko unasogea kuelekea ukutani. Mahali palipokuwa kinamasi panakuwa ufuko, mchanga unalala juu ya udongo mweusi. Maji yakizidi kupanda, mahali pale pale panakuwa ndani ya ziwa, na tope linalala juu ya mchanga. Mikanda imehama, na kila mmoja umelalia sehemu ya uliokuwa mbele yake, kama mabati ya paa yanavyopandana ncha kwa ncha. Piga msumari wima mahali popote utapita bati mbili au tatu, ingawa ukitazama kutoka juu kila bati lina sehemu yake.

Mchimba kisima ndiye mpiga msumari. Akipita tope, kisha mchanga safi, kisha udongo mweusi wenye mizizi, ameshasoma kwamba ziwa lilipanda na kuimeza nchi kavu. Akikuta mpangilio huo kinyume, tope chini, mchanga katikati, mizizi juu, ziwa lilirudi nyuma. Na jirani aliyekosa maji hatua mia mbili pembeni? Pengine tuta la kale la mchanga lilipita chini ya shamba la kwanza na kuliacha la pili. Matuta ya ufuko ni marefu lakini ni membamba. Anayetaka maji afuate mwelekeo wa tuta, sambamba na ufuko. Akihama kuelekea ziwani au kuelekea mlimani, hatua chache zinaweza kumtoa juu ya mchanga kabisa.

Neno "bila pengo" katika kanuni ya Walther ni la kuangaliwa, na kwa maoni yangu ndilo linalowakwaza watu zaidi. Mashapo hayahifadhi kila siku iliyopita. Mto ukihamia mahali hukwangua kilichokuwapo kabla ya kuweka chake. Ziwa likikauka, upepo na mvua vinakula tabaka zilizokwisha lala. Ukiona changarawe imekaa moja kwa moja juu ya tope la kina kirefu, usiseme korongo lilikuwa jirani wa katikati ya ziwa. Sema kuna kurasa zilizochanwa. Wakati mwingine pengo hilo lina urefu wa miaka mingi kuliko tabaka zote unazoziona.

Ziwa hupanda na kushuka kwa sababu gani? Kwa muda mfupi, mvua. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa karibu mita mbili na nusu, na Albert, lililo chini yake kwenye njia ya Nile, likapanda pia. Bandari ya Butiaba, iliyokuwa na meli na majengo ya kikoloni, haikupona. Meli ya SS Robert Coryndon iliishia hapo. Mwezi Mei mwaka 2020 kipimo cha maji ya Ziwa Victoria kilichoko Jinja kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964, na watu wa Kaiso, Wanseko na Ntoroko waliona maji yakiingia vibandani. Gazetini iliandikwa kwamba ziwa limevamia nchi. Mjiolojia angeisema kwa utulivu zaidi: mikanda ilisogea kidogo kuelekea ukutani, na nyumba zilikuwa zimejengwa juu ya mkanda wa mchanga, ambao ziwa lenyewe ndilo lililoujenga wakati fulani liliposimama pale.

Kwa muda mrefu zaidi, hali ya hewa ya dunia. Miaka elfu 17 hivi iliyopita, wakati barafu zilipokuwa zimefunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, mvua ya Afrika Mashariki ilipungua mno. Ziwa Victoria lilikauka. Watafiti waliotoboa sakafu yake walikuta, chini ya tope la sasa, udongo mkavu uliobana wenye mizizi ya majani iliyosimama wima: nchi kavu, mahali ambapo leo ni makumi ya mita za maji. Lilijaa tena baada ya hapo, na Nile ikaanza upya kumwagika kutoka kwake. Albert nalo lilishuka sana kipindi hicho.

Na kwa muda mrefu kuliko yote, ardhi yenyewe. Kabla ya miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita hapakuwa na Albert na Edward kama tunavyowajua. Palikuwa na ziwa moja kubwa katika bonde hili ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Obweruka. Kisha Rwenzori, kipande cha mwamba wa kale kilichobanwa kati ya mipasuko, kikasukumwa juu hadi kufika mita 5,109 tunazozipanda leo, na bonde likagawanyika. Mlima ulioinuka ulianza papo hapo kumomonyoka. Mto Semliki ungali unaushusha kuelekea Albert, na upande wa kusini wa ziwa, pale Ntoroko, delta yake, yaani nchi ya mashapo inayojijenga mdomoni mwa mto, inaendelea kusogea na kubadili njia. Huo ni mto wa mpaka kati ya Uganda na Kongo, na mto unaohama kwenye mashapo yake mwenyewe ni mpaka wa shida. Si lazima mtu awe mwanasheria kuliona hilo.

Pale Kaiso tabaka za zamani zinatoka juu, kwa sababu mipasuko imezinyanyua na mvua imezichonga. Kati ya mchanga na mfinyanzi wa rangi ya kijani na kijivu kuna safu nyembamba za kahawia iliyoiva, nzito mkononi, zinazolia kama chuma zikigongwa, maana ni chuma hasa: kutu iliyoshika punje pamoja. Zinabaki zimejitokeza huku mchanga wa juu na chini ukiliwa na mvua. Geuza kipande uone upande wa chini, utakuta magamba ya konokono na kome yamebanwa humo, mengine mazima na mapambo yake yote. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda tangu mwaka 1919, aliijua mapema thamani ya mahali hapa. Mbali na magamba, Kaiso imetoa mifupa ya wanyama, akiwamo kiboko mdogo aliyetoweka, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1926. Magamba yanasaidia kwa jambo jingine: aina za konokono zilibadilika kadiri miaka ilivyopita, kwa hiyo tabaka mbili zilizo mbali, zenye konokono wa aina zilezile, zinaweza kulinganishwa. Pamoja na safu za majivu ya volkano zilizomwagwa juu ya eneo zima kwa siku chache, hiyo ndiyo saa ya bonde hili.

Tukija kwenye mafuta, hakuna jipya la kujifunza. Ni kanuni ileile kwa kina kikubwa. Mafuta yanahitaji vitu vinne, na vitatu vya kwanza ni mikanda tuliyokwisha ipita. Kwanza tope la ziwa lenye kina, lililojaa mwani uliokufa ukazama mahali pasipo hewa. Pili mchanga, wa mto, delta au ufuko, wenye nafasi kati ya punje zake. Katika mchanga mzuri nafasi hizo hufika robo ya ujazo wote. Tatu mfinyanzi juu ya mchanga, wa kuzuia. Nne mpasuko au mkunjo, wa kuyakusanya mahali pamoja. Tope likifukiwa hadi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi za Selsiasi, mwani unageuka mafuta, mafuta yanapanda kwa sababu ni mepesi kuliko maji, yanaingia kwenye mchanga, yanakwama chini ya mfinyanzi. Uzuri wa ziwa linalopanda na kushuka ni kwamba linaweka tope, mchanga na mfinyanzi kwa zamu, tena na tena, bila kuombwa.

Wayland aliandika ripoti kuhusu dalili za mafuta katika bonde hili mwaka 1925. Mafuta yalikuwa yakichuruzika yenyewe juu ya ardhi, kijiji cha Kibiro, chini ya ukuta wa bonde, kikiwa mojawapo ya mahali hapo. Mwaka 1938 kisima cha Waki kilitobolewa karibu na Butiaba. Kilifika mita 1,237, kikaona dalili za mafuta, kikagonga mwamba mgumu. Ukijua kanuni unaona kilikosea wapi: ukingoni mwa bonde mashapo ni membamba, hayajawahi kufukiwa hadi kwenye joto la kuyaivisha, na dalili zile zilikuwa za mafuta yaliyosafiri kutoka katikati. Vita vya dunia vikaja, kazi ikalala, na ilichukua hadi mwaka 2006 kwa Uganda kutangaza mafuta yanayolipa kuchimbwa.

Makadirio ya serikali ni mapipa bilioni 6.5 chini ya ardhi, ambapo bilioni 1.4 hivi ndiyo yanayoweza kutolewa. Nimesikia watu wakibishana kwenye vibanda vya chapati kwamba nani anayabakiza hayo mengine. Hakuna anayeyabakiza. Mafuta hayako kwenye pango. Yamo kati ya punje za mchanga, yamezishika, na sehemu kubwa haitabanduka hata kwa kusukumwa na maji. Mafuta ya hapa ni mazito kwa nta, kama yalivyo mara nyingi mafuta yaliyotokana na mwani wa maziwa, na yakipoa yanaganda. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani karibu na Tanga limeundwa kuyapasha joto njia nzima, yasishuke chini ya nyuzi 50. Na ndiyo sababu mradi wa mafuta wa Tilenga, katika wilaya za Buliisa na Nwoya, unahitaji visima 426 badala ya vichache: mchanga wa mito ya kale ni vipande vingi vilivyotenganishwa na mfinyanzi, na kisima kimoja hakifiki kwenye kipande cha jirani. Mradi mwingine, Kingfisher, upande wa Kikuube, umepangiwa visima 31, vinavyotobolewa nchi kavu na kupinda kwenda chini ya ziwa.

Kibiro ninaiweka pembeni kidogo, maana huko mpasuko unafanya kazi nyingine. Maji ya mvua yanazama ndani ya mwamba, yanapashwa joto, yanabeba chumvi, na kurudi juu kupitia ufa chini ya ukuta wa bonde. Wanawake wa Kibiro wamekuwa wakivuna chumvi hapo kwa mamia ya miaka, kila mmoja na kiwanja chake kilichorithiwa. Wanatandaza udongo mkavu, uliosagika, juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua linavuta maji kupitia udongo huo, maji yanapaa, chumvi inabaki. Wanakwangua, wanautia udongo kwenye chungu chenye matundu chini, wanamimina maji, wanachemsha kinachotoka hadi kibaki cheupe. Udongo uliochujwa unarudishwa kiwanjani kutumika tena. Tazama wanachokifanya: wanahitaji punje za ukubwa fulani, si mfinyanzi unaoziba wala mchanga mnene usiovuta maji. Wamelitatua kwa mkono suala ambalo wahandisi wa mafuta wanalitatua kwa maabara.

Kuna mto mmoja katika pwani hii ambao hauko kwenye ramani. Mawimbi hayapigi ufuko kwa kunyooka. Yanakuja mshazari kwa kufuata upepo, yanasukuma mchanga mshazari na kuurudisha chini kwa kunyooka, na hivyo kila punje inapiga hatua moja kando. Jumla yake ni mchanga unaotiririka sambamba na nchi kavu. Pale ufuko unapopinda ghafla, mchanga haujui kupinda. Unaendelea mbele na kujenga ulimi ndani ya maji. Ncha za Tonya na Butiaba ni ndimi za namna hii. Nyuma ya ulimi maji yanatulia, mitumbwi inapata kimbilio, na hapo mwalo unazaliwa. Ukijenga gati la zege linaloukata mtiririko huo, upande mmoja mchanga utarundikana na upande wa pili ufuko utaliwa, kwa kuwa aliyezoea kupokea hapokei tena. Wanaopanga gati na njia za mabomba kwenye ufuko wa Albert wangefanya vyema kuupima mto huo kabla ya kumwaga zege.

Upande wa Ziwa Victoria mambo ni mengine, na kulinganisha kunasaidia. Victoria halikukaa ndani ya ufa. Lilitokea wakati nchi ya magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikielekea huko, Katonga na Kafu ikiwa miongoni mwao; maji yakarudi nyuma na kutuama kwenye bakuli pana. Katonga hadi leo ni kinamasi kinachotiririka pande mbili: sehemu kwenda Victoria, sehemu kwenda Ziwa George. Sakafu ya Victoria haizami kama ya Albert, kwa hiyo mashapo yake ni makumi ya mita, si kilomita. Hayajafukiwa vya kutosha kuiva, na anayengoja mafuta Entebbe atangoja sana.

Anachoweza kupata ni mchanga. Bakuli lisilozama linamaanisha mawimbi yanapepeta mzigo uleule kwa maelfu ya miaka, hadi madini laini yote yamesagika na kuondoka, na kilichobaki ni kwatzi karibu tupu, madini magumu yasiyosagika kwa urahisi. Mchanga wa Diimu na Bukakata ni mweupe kiasi cha kufaa kutengenezea vioo. Lwera, pale barabara ya Kampala kwenda Masaka inapokatiza vinamasi, ni mchanga wa ujenzi, na malori yanaujua vizuri kuliko wanajiolojia. Mchanga huu haurudishwi kwa kasi unayochimbwa. Ni akiba ya fuko za kale, si mapato ya kila mwaka. Mashimo yake yanajaa maji na kubadilisha njia ambayo mafuriko yangepita. Mei 2023 mafuriko ya Katonga yaliharibu daraja la barabara hiyo, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Kiasi gani cha lawama ni cha mvua na kiasi gani ni cha mashimo, huo ni mjadala wa wahandisi, lakini mto wenye uwanda uliochimbwa vipandevipande hauwezi kutabirika kwa hesabu za zamani.

Kusini zaidi, karibu na Masaka, kuna Nabugabo, ziwa dogo ambalo zamani lilikuwa ghuba ya Victoria. Mchanga uliotembea kandokando ya ufuko ulifunga mdomo wa ghuba hiyo miaka elfu nne au tano hivi iliyopita, na samaki waliobaki ndani wakaenda njia yao: Nabugabo ina aina tano za samaki wa jamii ya sato wadogo wasiopatikana Victoria. Maji yake yanatoka kwa kuchuja kupitia tuta lile lile la mchanga. Ni maji laini mno, yenye chokaa kidogo, kiasi kwamba konokono wanapata shida kujenga magamba humo. Siku tope la Nabugabo likiwa mwamba, atakayelitoboa akitafuta magamba kama ya Kaiso asiyaone, asiharakishe kuandika kwamba hapakuwa na ziwa.